Ulimi wa Kuazima

Mtu wa kwanza kujua kwamba Mama Upawa hasikii tena ladha alikuwa Mama Upawa mwenyewe, na aliamua kwamba atakuwa wa mwisho pia. Mafua yalimlaza wakati wa mvua, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake na ulimi wake. Kahawa ikawa maji ya moto. Kitunguu saumu kikawa kitu cha kutafuna tu. Daktari alimchungulia puani na kooni, akasema huenda ladha itarudi, huenda isirudi, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Basi akapika kwa mazoea. Mkono unajua, alijiambia. Kumbe mkono ulijua nusu tu. Wiki hii chumvi inaingia mara mbili, wiki ijayo haiingii kabisa, na wanawe waliokuja kula kila Jumapili walikunywa maji jagi zima wakasema asante Mama, chakula kitamu. Aliwalea kwa adabu, sasa adabu hiyo ikawa inamponza.

Siri ilifichuliwa na gesi. Mwanawe wa kiume, fundi umeme ambaye hata mama yake alikuwa akimwita Fundi, alipita katikati ya wiki kumbadilishia taa ya jikoni. Alipofungua mlango tu, harufu ikampiga. Mama yake alikuwa mezani anamenya karoti huku akiimba kwa sauti ya chini, na swichi ya jiko ilikuwa imeachwa wazi kidogo bila moto. Fundi hakugusa taa wala kitu chochote chenye umeme. Alifunga mtungi, akafungua madirisha, akamshika mama yake mkono na kumtoa nje akiwa bado na kisu.

"Mama, husikii?"

"Nisikie nini?"

Ndipo Fundi alipoelewa habari ya chumvi pia.

Jioni ile dada yake alikuja na sare ya hospitali mwilini. Yeye ni nesi, na hata nyumbani huongea kama mtu anayesoma cheti cha mgonjwa. Walimkalisha Mama Upawa kwenye kochi, jambo lililomuudhi kabla hata hawajafungua mdomo, maana kochi lile lilikuwa la wageni.

"Tumekubaliana," Nesi alisema. "Jumapili Fundi atalitoa jiko. Kuanzia Jumatatu kuna mama mmoja atakuja kukupikia. Anapika nje, kwenye mkaa. Wewe utapumzika."

"Mmekubaliana na nani?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Kwa sababu mimi nilikuwepo hapa siku nzima na sikuulizwa."

Fundi akatazama viatu vyake. Nesi akaendelea kueleza juu ya gesi, juu ya moto, juu ya wagonjwa aliowaona kwa macho yake wakiletwa wodini wameungua. Kila alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkera Mama Upawa zaidi. Angekuwa anasema upuuzi, angemfukuza.

"Kupumzika ni kazi ya maiti," alisema. "Sikilizeni. Jumapili napika mimi. Chakula kikiwa kibaya, chukueni jiko, chukueni na sufuria zote, kisha mniweke mimi sebuleni hapa kama televisheni. Kikiwa kizuri, jiko halitoki."

"Na gesi?" Nesi akauliza.

"Gesi niachieni mimi."

"Gesi haiachwi, Mama. Ndiyo shida yenyewe."

Fundi akacheka peke yake, akanyamaza alipoona hakuna aliyemfuata. Wakakubali hata hivyo. Walikubali haraka mno, na Mama Upawa akajua wanakubali kwa sababu wana hakika atashindwa.

Walipoondoka alirudi jikoni. Aliogopa, na hakuna haja ya kumfichia. Jikoni mle aliingia akiwa bi harusi asiyejua hata kuosha mchele, na mama mkwe wake alisimama nyuma ya bega lake mwaka baada ya mwaka mpaka mchuzi wa nyumba ile ukawa mkononi mwake: vitunguu vikaangwe mpaka ukingo wa kuungua, si kabla, kisha vizimwe kwa maji ya moto, nyama iingie mwisho, ndimu isikamuliwe mpaka moto uzimwe. Na kuonja ni kiganjani. Mama mkwe hakuvumilia kijiko. Alisema kijiko kina ladha yake chenyewe.

Mama Upawa akadondosha mchuzi wa jana kiganjani, akaulamba. Ulikuwa na joto. Basi. Akalia pale pale kwenye sinki, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na alipoinua uso kujifuta, dirishani aliona ng'ambo ya ua wifi yake anafagia kizingiti chake huku akikikaripia.

Mtaa mzima ulimwita Wifi Kasoro. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Upawa, mshonaji, aliyekaa vyumba vya nyuma vya ua uleule, na tangu Mama Upawa aolewe hajawahi kula sahani yake bila kuikosoa. Tangawizi imeingia mapema. Nyanya hazijaiva sawasawa. Hii pilipili manga umeisaga lini, mwaka jana? Alikuwa akiyasema hayo mbele ya wageni, mdomo umejaa, na sahani akiirudisha nyeupe. Damu zao hazikupatana tangu mwanzo. Siku walizosalimiana ni zile ambazo mvua iliwakuta wote wawili wakianua nguo.

Mama Upawa akasimama akimtazama. Kisha akafikiri jambo ambalo hakuwahi kulifikiri: mbona, katika miaka yote hiyo, huyu mwanamke hajawahi kukosea? Kila aliposema tangawizi imeingia mapema, ilikuwa imeingia mapema kweli.

Akapiga moyo konde, akavuka ua.

"Nimekuja kuazima," alisema.

Wifi Kasoro aliegemea fagio. "Ungo wako umetoboka tena?"

"Ulimi. Wangu umekufa, na pua pia. Jumapili watoto wananinyang'anya jiko. Nataka ukae jikoni uonje na unuse, mimi nipike."

Wifi alimtazama usoni kutafuta mzaha. Alipokosa, uso wake ukakunjamana.

"Mimi? Jikoni mwa mama?"

"Mwangu."

"Mwa mama," wifi akarudia. "Unajua mara ya mwisho nimekanyaga mle ndani ni lini? Kabla hujaja wewe. Nilimwambia mama mbele ya wageni kwamba mchuzi umezidi ndimu. Ulikuwa umezidi, wifi, naapa. Akanitoa nje kwa mkono wake. Akasema ulimi wangu utaua chakula chote. Halafu kaka akakuoa wewe, hujui hata kuwasha jiko, na mama akakufundisha wewe." Akagonga fagio chini. "Mimi nikawa naonjeshwa sahani mezani kama mgeni. Ulitaka nikae kimya?"

Mama Upawa hakujua hayo. Mama mkwe alimwambia tu kwamba binti yake hapendi jikoni, naye akaamini, kwa sababu ilimfaa kuamini. Alitaka kusema pole, lakini akaona pole itakuwa ndogo sana, na pengine ingemtia wifi hasira zaidi.

"Sitaki ukae kimya," alisema. "Nataka uongee mpaka nikome. Kila kasoro utakayoiona, itaje."

"Nitazitaja zote."

"Ndicho nilichokuja kukuomba."

Wifi Kasoro akaweka fagio ukutani. "Utajuta," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahi.

Jumapili asubuhi jiko lile liligeuka baraza la ugomvi. Wifi alikaa kwenye kigoda kando ya mtungi, mikono imekunjwa, akinusa kama mtu aliyeibiwa. Mama Upawa aligundua kwamba macho na masikio yake hayajafa. Aliuona mchele umeiva kwa jinsi mvuke ulivyobadilika. Vitunguu alivisikia: vinapoingia hupiga kelele, vikikaribia rangi hunyamaza.

"Sasa," alisema, mkono kwenye birika.

"Bado," wifi akasema.

"Vimenyamaza."

"Vimenyamaza lakini bado havijanukia utamu. Ngoja. Ngoja. Sasa!"

Maji yakaingia, mengine yakamwagika, moshi ukapanda, na wote wawili wakakohoa. Mama Upawa alipogeuka kuchukua nyama, wifi akaruka kutoka kigodani.

"Gesi! Moto wa nyuma umezimika na maji!"

Akafunga swichi mwenyewe. Wakafungua dirisha, wakakaa uani wakitazamana mpaka hewa ikawa safi. Mama Upawa hakuwa amesikia kitu, hata chembe, na kama angekuwa peke yake Nesi angekuwa na haki yote duniani. Waliingia tena wakawasha.

Mchuzi ulipokaribia, Mama Upawa akachota kidogo. "Toa mkono."

Wifi alikuwa tayari ananyoosha mkono kuchukua kijiko. Akasita. Kisha akafungua kiganja, na Mama Upawa akadondosha mchuzi katikati yake. Wifi akaulamba. Akafumba macho.

"Chumvi. Kidogo." Wakatia. "Tena. Hapana, acha, umefika. Tangawizi ipo. Ndimu?"

"Ndimu mpaka nizime moto."

"Najua, nilizaliwa humu." Moto ukazimwa, ndimu ikakamuliwa. Wifi akatoa kiganja tena, akalamba. Akatoa kiganja mara ya tatu.

"Kuna nini?" Mama Upawa akauliza. "Sema!"

"Natafuta," wifi akajibu kwa hasira. "Natafuta kasoro na siioni. Hebu nipe tena."

Watoto walifika mchana. Fundi alikuja na mkoba wa vifaa, akauacha kando ya mlango kwa haya, kama mtu aliyekuja na jeneza kabla mgonjwa hajafa. Nesi alishangaa kumkuta shangazi yake mezani mapema, tena hajaanza kulalamika. Wali ukapakuliwa, mchuzi ukamwagiwa juu.

Fundi alikula bila kuinua kichwa. Nesi alikula tonge la kwanza kwa tahadhari, la pili kwa mshangao, kisha akajiongezea mwenyewe bila kukaribishwa. Jagi la maji halikuguswa. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yameloa.

"Mama, umepona! Mbona hukusema? Alhamdulillahi, jamani, umepona!"

Ushindi ulikuwa pale, umewekwa mezani, wa kuchukua bure. Angetabasamu tu na jiko lingebaki. Mama Upawa alifuta mikono.

"Sijapona. Sisikii kitu. Hapa ningekula kitambaa ningeona sawa. Nimepika mimi, ameonja shangazi yenu. Moto ulizimika asubuhi, gesi akainusa yeye, akaifunga. Nawaambia kwa sababu sitaki jiko la kuiba. Nalitaka lililo langu."

Uso wa Nesi ukabadilika. "Basi hujapika wewe, Mama. Hayakuwa makubaliano hayo."

"Makubaliano yalikuwa chakula kiwe kizuri. Ni kibaya?"

"Si hivyo. Moto ulizimika, unasema mwenyewe! Na siku shangazi akiumwa?"

"Siku hiyo sitawasha gesi. Nitapika uani kwenye mkaa, nimpelekee kitandani, na ataonja akiwa amelala."

"Na nitakosoa nikiwa nimelala," Wifi Kasoro akadakia.

"Shangazi, utakaa naye jikoni kila siku? Nyinyi wawili?"

"Mama yangu alinitoa mle," wifi alisema. "Huyu amenirudisha. Nani mwingine atanitoa, wewe?"

Fundi alicheka, na safari hii hakujizuia. Lakini Nesi hakucheka. Alisukuma sahani, na sauti yake ya hospitali ikamwacha, akabaki binti tu.

"Mama, naogopa. Naogopa nitaitwa zamu moja, nifunue shuka, nikukute wewe."

Mama Upawa alimpenda binti yake wakati ule kuliko siku nyingi, na bado hakurudi nyuma hata hatua.

"Najua," alisema. "Na mimi naogopa kufa nikiwa nimekaa kwenye kochi, mtu mwingine anakaanga vitunguu vyangu nje. Hofu yako ni ya kweli, na yangu ni ya kweli. Fundi ataweka kile chombo kinacholia gesi ikivuja, kama kipo. Shangazi atakaa kando ya mtungi. Mimi nitapika. Mpishi wenu Jumatatu aje, mkaribisheni, mwambieni akae ale."

Fundi alinyanyuka. Alipita jikoni, wakamsikia anakaza kichwa cha mtungi, anajaribu swichi moja baada ya nyingine. Nesi alijifuta macho kwa kiganja. Baada ya muda akavuta sahani yake akarudi kula, bado amenuna, lakini anakula.

Ndipo Mama Upawa akajipakulia yeye. Akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Wali ulikuwa laini, nyama ilikuwa na nyuzinyuzi, mchuzi ulikuwa wa moto. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, kama alivyojua hapatakuwa na kitu. Akamgeukia wifi yake.

"Niambie," alisema. "Hapa mdomoni kuna nini?"

Wifi Kasoro alizoea kusema kinachopungua. Kilichopo hakuwahi kuulizwa. Alikula tonge, akafikiri.

"Kinaanza kitunguu," alisema polepole. "Kitamu, na uchungu kidogo nyuma yake, ule wa kuungua. Halafu tangawizi inapasha koo. Nyama imeushika mchuzi. Kisha ndimu inakuja mwisho kabisa, ukidhani umemaliza." Akameza. "Ni wa mama, wifi. Ulikuwa wa mama siku zote. Nilikuwa najua."

Nesi aliacha kutafuna. Fundi alisimama mlangoni na spana mkononi.

Mama Upawa alifinyanga tonge jingine, kubwa kuliko la kwanza.

"Endelea," alisema. "Sijamaliza kula."