Kuku Mbichi Msibani

Tangu mgodi ufungwe, Verlin Mabry hakuwa ameingia dukani na kadi ya chakula hata mara moja. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Oneida. Kila mwanzo wa mwezi serikali ilipotia fedha kwenye kadi, Oneida aliendesha gari mpaka dukani, akarudi na mifuko, na Verlin akamsaidia kuiingiza jikoni bila kuuliza neno. Kula alikula. Lakini kula ni jambo moja, na kusimama mbele ya keshia ukiwa umeishika kadi ile ni jambo jingine.

Siku hiyo hapakuwa na njia. Coy Lester, aliyechimba makaa bega kwa bega na Verlin tangu ujana wao, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa mapafu. Oneida alikuwa kwa mjane wake, Nedra, tangu alfajiri, akifua mashuka na kupokea wageni. Akampigia mumewe simu.

"Verlin, kadi iko droo ya vijiko. Nenda ukalete kuku wa kukaanga. Chukua vipande vingi, watu wamejaa."

"Si uje twende wote?"

"Nimwache Nedra na nani? Nenda, bwana. Kadi haing'ati."

Katika bonde lile hakuna aendaye msibani mikono mitupu. Hata aliyekuwa hasemi na marehemu hupeleka bakuli lake, na wanawake wanaoosha vyombo hukumbuka nani alileta nini. Mama yake Verlin alipofariki, Coy alikuja na paja zima la nguruwe begani. Verlin aliona ni heri asifike kabisa kuliko kufika kwa Coy bila kitu.

Kwenye kabati la vioo dukani palikuwa na kuku aliyetoka kwenye mafuta muda huohuo. Akajaziwa mfuko, akaukumbatia, joto likimpenya hadi kifuani. Keshia aliyekuwapo alikuwa mmoja tu, Tressa, ambaye Verlin alimfundisha kurusha mpira alipokuwa mtoto kwenye timu ya wasichana. Nyuma ya Verlin akaja kusimama Harless Boggs, mwenye duka la matairi.

"Mzee, leo umetumwa?" aliuliza Harless.

"Nimetumwa."

"Kwa Coy?"

"Kwa Coy."

"Na mimi nitapita. Amenitukana miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya tairi moja. Sasa sijui atanitukana nani."

Verlin akacheka kidogo. Akaitoa kadi akiifunika kwa kiganja, akaipitisha, akabonyeza namba ya siri. Mashine ikalia. Tressa akajaribu tena. Ikalia tena.

Tressa akainama, akanong'ona. Alitaka kumsitiri. Lakini masikio ya Verlin yaliharibiwa na mitambo ya chini ya ardhi, na mnong'ono kwake ulikuwa midomo inayocheza tu.

"Unasemaje?"

"Haitakubali, Kocha."

"Sikusikii, binti."

Ikabidi Tressa apaze sauti. "Kadi ya chakula hailipii kuku wa moto, Kocha. Akiwa wa baridi inalipia."

"Si kuku yuleyule?"

"Ni yuleyule. Akiwa wa moto wanamhesabu kama chakula cha mkahawani. Na wa baridi wameisha. Labda mbichi."

Foleni yote ilikuwa imesikia. Uso umeumbwa na haya, na wa Verlin ulikuwa unawaka mpaka shingoni. Harless akanyoosha mkono na noti. "Tressa, changanya huo mfuko na vitu vyangu."

"Hapana," alisema Verlin.

"Mzee, kuku tu."

"Nimesema hapana."

Akaurudisha mfuko mezani, akatoka.

Alikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Nyumbani asingeweza kurudi, maana Oneida angempigia tena. Kwa Nedra asingeweza kwenda hivihivi. Hasira zilimpanda juu ya Tressa, kisha zikashuka, kwa kuwa binti wa watu hakukosa lolote. Alipoliona gari la Harless likiondoka, akarudi ndani, akachukua trei za kuku mbichi na pakiti ya unga, akapanga foleni ileile. Tressa alimhudumia bila kumtazama machoni. Verlin alimshukuru kwa hilo, na papo hapo likamuuma.

Mtungi wa gesi nyumbani ulikuwa umekwisha, na gesi nayo hainunuliwi kwa kadi ile. Akapanga kupita mlango wa nyuma wa kina Nedra, ampe Oneida kimyakimya, akaange huko.

Lakini Oneida alikuwa ametumwa kanisani kupanga maua. Aliyekuwa jikoni ni Nedra mwenyewe, amesimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata, na wifi yake Maxine alikuwa kwenye sinki.

"Umeleta nini, Verlin?" aliuliza Nedra.

"Kuku."

Maxine akachungulia. "Mbichi! Na manyoya yake umeyaacha wapi? Kesho utaleta ng'ombe na kamba yake."

"Wale wa tayari walikuwa wameisha," alisema Verlin. Uongo ulitoka laini, wala hakuutafuta.

Maxine akapangusa mikono azipokee trei, lakini Nedra alikwisha kuteremsha kikaango cha chuma.

"Wifi, kaa. Leo hupiki."

"Nimekaa siku nzima nikishikwa mikono. Niache."

Akachovya vipande kwenye unga, akavitia mafutani kimoja kimoja. Verlin alisimama kando ya mlango, hajui kama aondoke. Amemletea mjane kazi siku ya msiba wake, na mjane ameikubali. Hakuweza kujua kama hilo lilikuwa baya au jema.

Ndipo Harless akaingia na mfuko. Aliuinua juu, kwa nia njema kabisa.

"Verlin, uliacha kuku wako dukani. Nikaona nikuletee."

Maxine akautazama mfuko, akatazama kikaango, kisha akamtazama Verlin. Hakusema kitu, na kwa Maxine hilo lilikuwa jambo geni. Harless naye akahisi amekanyaga mahali. Akauweka mfuko mezani polepole, akarudi sebuleni.

Verlin angeweza kumfuata. Mlango ulikuwa wazi.

"Hawakuisha," alisema. "Kadi yetu ya chakula ilikataa. Hailipii wa moto. Harless alitaka kunilipia, nikakataa mbele za watu, halafu nikaja kukudanganya wewe, leo hii."

Nedra aligeuza kipande. Hakumwambia kwamba si kitu.

"Coy angecheka," alisema hatimaye. "Angecheka mpaka akohoe."

"Angecheka."

"Angewasimulia watu wote wa bonde hili."

"Najua."

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nedra akampa koleo la kugeuzia nyama. "Vua koti, uvigeuze. Mkono wangu umechoka."

Akavua, Maxine akamfunga aproni bila mzaha. Watu wakawa wanaingia kuchukua kahawa, wanamkuta hapo kikaangoni, wanautazama mfuko mezani, wanatoka. Kila alipoingia mtu, Verlin aliinamia mafuta zaidi.

Oneida aliporudi kutoka kanisani, alisimama kizingitini. Aliona kuku wa aina mbili, akaona masikio ya mumewe yalivyo mekundu. Hakuhitaji kuelezwa. Akamsogelea, akasema karibu kabisa na sikio lake, "Nikupeleke nyumbani?"

Verlin alitazama kikaango.

"Bado," alisema. "Hivi havijaiva."