Mwamba Wenye Mstari Mweupe

Khotsofalo ndiye aliyeuona mstari. Alisogeza kiti hadi pua ikakaribia kioo cha kompyuta, akacheka.

"'Mè Mahlompho, mama yangu, huu mwamba hukuuchora. Una rangi ya wapimaji."

Darasa la jioni la uchoraji wa kompyuta likasogea kutazama. Kweli, katikati ya mwamba ulipita mstari mweupe uliopakwa na watu wa bwawa, kuonyesha maji yangefika wapi. Kabla bonde la kwao halijafunikwa na maji, Mahlompho aliupiga mwamba ule picha mia tatu kwa simu, kisha akaziunganisha kwenye kompyuta hadi ukasimama mzima. Mstari alikuwa ameuzoea mno, hakukumbuka kuufuta.

"Mimi jiwe moja limenila wiki tatu," Khotsofalo akasema. "Kila ufa nimeuchora kwa mkono. Mama yetu huyu amebofya tu. Hiyo ni haki, Ntate?"

Ntate Rantsane, mwalimu na mwamuzi wao, akakuna ndevu. Kanuni ya shindano la kuchora mandhari ilikuwa mstari mmoja: kazi iwe ya mshiriki mwenyewe. Picha itakayoshinda ingetundikwa katika ukumbi wa kijiji kipya walikohamishiwa watu wa bondeni. Mama yake Mahlompho, mwenye miaka themanini na minne, hukaa humo kila Jumapili baada ya ibada akitazama ukuta mtupu.

Mahlompho akafumba macho kidogo, akaomba moyoni. Bwana, nisiseme uongo.

"Mwamba sikuutengeneza," akasema. "Nimeupiga picha. Nyasi, ukungu na mwanga nimechora mimi."

"Basi uondoe mwamba," akasema Ntate Rantsane. "Tuone kilicho chako."

Mahlompho akashika kipanya. Picha ilikuwa imepangwa kwa tabaka, mwamba chini na michoro yake juu. Akauzima mwamba.

Mwamba ulikuwa umetoweka, lakini umbo lake lilikuwa bado limesimama pale. Mwanga wa asubuhi ulioteremka kila ukingo, ukungu ulioingia kila ufa, nyasi zilizolala upande usiopata jua, vyote vilishikilia kitu ambacho hakikuwepo. Ilikuwa kama kuona pumzi ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Khotsofalo akavua kofia yake.

"Hizi nyufa ulizifuataje zote?"

"Nimechunga mbuzi chini yake miaka kumi na minne, mwanangu."

Khotsofalo akasema kwa sauti ya chini, "Urudishe, 'Mè. Bila huo naona baridi."

"Na shindano?" akauliza Ntate Rantsane.

"Nitahukumiwa na hiki kilichobaki," Mahlompho akajibu. "Mwamba usinipe hata alama moja. Ila chini yake paandikwe ukweli."

Ntate Rantsane akahesabu alama mwamba ukiwa umezimwa. Mahlompho alimshinda Khotsofalo kwa alama mbili, mwamba ukarudishwa na mstari wake, na Khotsofalo mwenyewe ndiye aliyekuja kupiga misumari ukutani.

Jumapili hiyo mama yake aliinuka kitini, blanketi begani, akaweka kiganja juu ya mstari mweupe.

"Hapa ndipo maji yalipoishia?"

"Yalipita hapo, mama."

Mama yake akaisogeza pua hadi kwenye kikaratasi cha chini, akasoma polepole: *Mwamba, Mungu. Picha zake na mwanga, Mahlompho.* Akarudisha kiganja kwenye jiwe, akakiacha hapo.