Baridi Iliyokwisha Kulipiwa

Kila siku saa saba mchana, Edilsa Barrios alifunga madirisha ya chumba cha mama yake, akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo, akawasha kiyoyozi. Saa tisa kamili alikizima. Kwa saa hizo mbili familia nzima ilihamia humo, watu wazima na watoto wakijilaza sakafuni, kama wafanyavyo watu wote wa mji wa Santa Ifigenia wenye kiyoyozi kimoja. Kitandani alilala Bibi Ubaldina peke yake. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, na daktari alikuwa amesema bila kuzunguka kwamba moyo wake hautastahimili joto la Aprili nyingine.

Kwa saa hizo mbili, bili ilikuja ya saa ishirini. Kampuni ya umeme ilikuwa imezipandisha mita zote juu kabisa ya nguzo ili watu wasizichezee. Msomaji mita naye hakupewa ngazi. Kwa hiyo kila mwezi aliikodolea macho nguzo, akafuta jasho, akaandika wastani. Edilsa alishona sketi za sherehe ya kanivali mwaka mzima, na alilipa ule wastani kwa miaka kumi na mmoja bila kuchelewa hata siku moja, kwa kiburi cha mtu asiyetaka kugongewa mlango.

Mwezi Februari bili ilizidi sketi zote alizoshona. Mwanamke yule alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Aliketi mezani akaandika barua ya madai, kitu ambacho kila mtu nchini kwao anajua kukiandika kabla hajajua kuandika barua ya mapenzi.

"Nimelipia baridi ya saa ishirini kwa siku, nikapewa ya saa mbili," aliandika. "Nirudishiwe pesa zangu, au niletewe nyumbani baridi yangu iliyobaki, yote."

Barua ilipigwa mhuri dirisha namba tatu la ofisi ya kampuni. Sheria ya huko inasema kwamba kampuni isipomjibu mteja ndani ya siku kumi na tano za kazi, mteja ameshinda. Kampuni haikujibu. Siku ya kumi na sita, alfajiri, baridi ikaanza kuletwa.

Ilitokea ukutani, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Mijusi wakahama dari wakaenda kwa jirani. Maji ya mtungini yakashika utando wa barafu, na kahawa ikawa lazima inywewe haraka.

"Edilsa," mama yake aliita, "nipe lile sweta alilonipa marehemu baba yako, tukacheka kwamba nitalivaa wapi na joto hili."

"Imefika, mama. Walinyamaza."

"Walinyamaza siku ngapi?"

"Kumi na tano."

"Basi ni yetu," alisema Bibi Ubaldina, akajifunika hadi kidevuni.

Edilsa alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya kukatia sketi. Kwa kiasi kile alichokwisha kulipia, baridi ingemtosha mama yake mpaka afikishe miaka mia moja na kumi na minne. Tangu siku hiyo hakulipa tena hata peso moja. Alijisikia mwepesi kuliko siku ya harusi yake.

Jirani yake Nerys alikuja siku ileile, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Shoga, uliandika nini? Nipe ninakili, neno kwa neno."

Mtaa mzima ulinakili. Lakini kampuni haikuwa jinga. Iliajiri mwanamke mmoja aliyekuwa na kazi moja tu, kujibu kila barua siku ya kumi na nne, na jibu lake lilikuwa mstari mmoja: madai yamekataliwa. Nyumba za jirani zikaendelea kuchemka kwa joto. Basi watu wakabeba magodoro yao wakahamia kwa Edilsa. Chumba kilipojaa walilala sebuleni, na sebule ilipojaa walilala jikoni chini ya meza, watu arobaini na mmoja, na baridi ikawatosha wote.

"Nimekuwa mtu wa kulala miguuni pako," Nerys alilalamika. "Na wewe unakoroma kama pikipiki mbovu!"

"Rudi kwako ukalale na wastani wako."

Nerys alivuta blanketi akageukia ukutani.

Aprili ilipofika, lami iliyeyuka na mbwa hawakubweka tena. Wazee watatu walizikwa mtaa wa pili. Bibi Ubaldina alipata mafua, ya kwanza tangu azaliwe, na alipiga chafya kwa majivuno hata watu walioko barabarani wasikie. Daktari aliusikiliza moyo wake, akasema unapiga vizuri sana, akaomba naye akae kidogo kwenye ile baridi. Edilsa alitoka uani akalia kwa furaha, kisha akarudi kushona.

Ijumaa moja kampuni ilimtuma fundi aje kukata umeme. Aliitwa Wilfran, mwanamume wa miaka hamsini mwenye upara mwekundu kwa jua. Kwa kukata, ngazi ilikuwepo. Alipanda nguzo, akaukata waya wa Edilsa, akauzungusha vizuri begani. Kisha akaja mlangoni kuleta bili, akakuta hewa ya ndani inampiga usoni.

"Funga mlango, baba, unatutolea baridi," alisema Bibi Ubaldina.

Aliufunga. Edilsa alisoma ile karatasi.

"Hii ni ya mwezi ujao. Waya si umeshaukata?"

"Nimeukata, mama."

"Sasa hizi yuniti mia tisa ni za nini?"

"Ni wastani," alisema Wilfran, na aibu ilimshika kweli. "Fomu haina mahali pa kuandika sifuri." Alitazama magodoro. "Mimi nina mama. Ana miaka themanini na saba."

"Analala ubavu gani?" Edilsa aliuliza.

Jioni ile Wilfran alimleta, wakamsogezea Bibi Ubaldina mwenzake kitandani, na vikongwe wakagombania blanketi kama wasichana. Wilfran alilala karibu na jiko. Asubuhi aliamka amepumzika kama mtoto, akambusu mama yake, akafunga ngazi juu ya gari, akaenda kukata umeme mtaa wa pili.