Tluway Maana Yake Mvua

Hii ilikuwa mara ya tatu Helena Tluway kukaa mbele ya meza ya mtendaji wa kata, na joto la Mlandizi lilikuwa limeshamlowesha mgongo wa gauni lake la kwendea kanisani. Alitaka barua ya utambulisho yenye jina kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, basi. Kiwanda cha juisi kilikuwa kinaajiri, kazi inaanza Jumatatu, majina yanafungwa leo saa kumi. Barua ya kwanza mtendaji aliandika Tuluwai, kiwandani wakaikataa. Ya pili Tulwayi, wakaikataa tena. Mihuri mtendaji alikuwa nayo mitatu mezani, ila jicho la kutazama cheti hakuwa nalo.

"Mimi nakushauri, dada, tuandike Tulia," alisema mtendaji Hamidu. "Helena Tulia. Jina tamu, linatamkika."

"Cheti hakisemi Tulia, mheshimiwa."

"Kwani hilo ni jina la nchi gani?"

Swali hilo lilimuuma Helena kila lilipokuja. "La Mbulu, mkoa wa Manyara. Sisi Wairaqw. Maana yake mvua. Baba alizaliwa mvua inanyesha."

"Mvua nayo ya kumpa mtu jina?" aliuliza Isihaka, kijana wa bodaboda aliyemfuatia kwenye foleni.

"Ya kwetu, ndiyo. Inakuja na ukungu, humwoni ng'ombe uliyemshika mkia. Na baridi! Zamani nyumba zilichimbiwa ubavuni mwa kilima, mnalala humo na ng'ombe, joto lao ndilo mnaloota."

"Duh! Hita yenye mkia!"

Foleni ikaangua kicheko, na kila mtu akataka kulijaribu jina. Isihaka alitoa kitu kama chafya. Mama mmoja alijing'ata ulimi. Ndipo Bi Sikudhani, mkulima wa hapo hapo, bibi aliyeng'oka magego yote ya kushoto, akausukuma ulimi pembeni, pumzi ikapita penye pengo: "Tluway."

Helena alishika mdomo. Miaka miwili yuko Pwani, hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Furaha ilimpanda mpaka machozi yakamtoka.

"Umepatia, bibi! Hivyo hivyo!"

"Kumbe pengo nalo lina kazi," alisema Bi Sikudhani. "Wee Hamidu, sisi tunahangaika na midomo, wewe una kalamu. Cheti hicho hapo. Nakili."

Hamidu alinakili, herufi moja moja, mashavu yamemvimba, akagonga mhuri kwa nguvu. Helena aliisoma barua papo hapo. Tluway, sawasawa. Chini yake: mzaliwa wa Mbulu, mkoa wa Arusha.

"Mheshimiwa, Mbulu ilitoka Arusha kabla sijazaliwa."

"Si huko huko kwenye baridi?" Alikuwa ameshafunika kalamu. "Muda wa chakula. Njoo Jumatatu."

Kiwandani wangeikataa tena, hilo Helena alilijua. Saa ya ukutani ilisema saba na nusu. Hakuinuka. Alivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza, akaweka cheti mbele ya mtendaji, kidole juu ya neno Manyara. Bi Sikudhani akajikalisha kizingitini, mlango ukazibika. Isihaka akaanza, "Ma-nya-ra! Ma-nya-ra!" na foleni ikaitikia kwa makofi.

"Dada, nimesema Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa kazini," alisema Helena, akicheka.