Mama Apewe Wakili Wake

Ofisi ya uwakili ya Bi Nukta ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, vyumba viwili na kabati za chuma zilizojaa majalada mpaka milango yake ilikuwa haifungi. Jina la Nukta hakuzaliwa nalo. Alibandikwa na makarani wa mahakama, maana alikuwa mtu wa kurudisha hati nzima kwa sababu ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. Mwanzoni walimwita hivyo kichinichini, kwa kumkejeli. Yeye alipolisikia akalipenda, na tangu hapo hata wateja wakawa wanamwita hivyo machoni pake, naye anaitika.

Binti aliyefanya kazi chini yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ameapishwa kuwa wakili, mji ulikwishampa jina lake pia: Wakili Mdogo. Alikuwa mwepesi wa kalamu na mwepesi zaidi wa ulimi, na asubuhi hiyo kichwa kilikuwa kimemvimba kwa furaha. Hati iliyokuwa mezani ilikuwa kazi yake mwenyewe, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Bi Nukta alikuwa ameisoma, akairudia, kisha akaisukuma upande wake bila kuitia wino mwekundu popote.

"Sina la kusema," alimwambia.

Kwa Bi Nukta, hiyo ilikuwa sawa na vigelegele.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Mama mmoja mjane, fundi cherehani, alikuwa anampa mwanawe nyumba yake iliyo kando ya barabara ya sokoni. Zawadi tu, mama kwa mwana. Mwana naye alikuwa mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na mji mzima ulimwita Mabati. Alitaka kuibomoa ile nyumba kuukuu asimamishe ghorofa: maduka chini, vyumba vya kupangisha juu. Mabati alikuwa mteja wa Bi Nukta wa miaka mingi. Akigombana na wauza saruji, mbio kwa Bi Nukta. Akikodisha ghala, Bi Nukta. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Mama yake hakukosa dawa wala chakula, na kila alipougua ni yeye aliyembeba kwenye gari lake kumpeleka hospitali.

Walifika pamoja, mwana mbele na mama nyuma. Mama alikuwa amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, kola imenyooka kama imechorwa na rula. Wakili Mdogo akawavutia viti, akaisoma hati kwa sauti, mbiombio, akijisikiliza kidogo. Mabati alikuwa anatikisa kichwa kila baada ya sentensi. Mama alikuwa ametulia, mikono juu ya mapaja.

"Umeelewa, mama?" Wakili Mdogo aliuliza.

"Nimeelewa, mwanangu. Nampa nyumba."

Akapewa kalamu. Akaishika, akaielekeza kwenye mstari, halafu mkono ukasita.

"Hivi nikishatia sahihi," aliuliza, "cherehani yangu itakaa wapi?"

Mabati akacheka. "Mama naye! Cherehani tena? Tia sahihi, hayo tutayazungumza nyumbani."

Mama akainama tena juu ya karatasi. Lakini Bi Nukta, aliyekuwa kimya kwenye kona muda wote huo, alikwishainuka. Akaitoa ile kalamu mkononi mwa mama, taratibu, kama anayemwondolea mtoto kisu, akaifunika.

"Bwana Mabati, nipishe kidogo na mama," alisema. "Subiri hapo nje."

"Nje? Mimi?"

"Wewe."

Mabati akatoka, na mlango ukafungwa. Mama akatazama kushoto na kulia, akasogeza kiti karibu na meza, akashusha sauti. "Mwanangu, afadhali umemtoa. Ukweli wenyewe ni kwamba mimi..."

"Hapo hapo, mama. Usiniambie."

Mama akabaki mdomo wazi. Wakili Mdogo naye pia, maana alikuwa amekwisha kujisogeza ili asikie vizuri.

"Mimi ni wakili wa mwanao," Bi Nukta alisema. "Chochote utakachonieleza kitanibana. Nikimficha, nitakuwa nimemsaliti yeye. Nikimwambia, nitakuwa nimekusaliti wewe. Una neno moyoni na lazima lisikilizwe, lakini lisikilizwe na mtu aliye upande wako peke yako. Leo sahihi haipo. Mama apewe wakili wake."

Habari hiyo Mabati aliipokea kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. "Nimekuletea mama yangu," alifoka, "sikukuletea mpinzani! Kuna mtu anamshtaki mwenzake hapa? Mimi nina mafundi wananisubiri!"

"Hakuna anayeshtaki," alijibu Bi Nukta bila kupandisha sauti. "Ila nakulinda na wewe pia. Hati ambayo mama ameitia sahihi bila mshauri, mwanawe yuko pembeni anamharakisha, siku yoyote atatokea mtu aipeleke mahakamani. Huko wataichana kama karatasi ya kufungia sukari. Na ghorofa lako likiwa juu yake."

"Basi nitatafuta wakili mwingine!"

"Ni haki yako. Majalada yako nitakupangia vizuri."

Mabati akashuka ngazi kwa kishindo hata chupa za duka la dawa zikagongana. Wakili Mdogo roho ilikuwa juu. Mteja kama yule, katika mji mdogo kama ule! Lakini kilichomshangaza zaidi kilikuja baadaye, Bi Nukta alipomwambia ampeleke mama ng'ambo ya barabara, kwa Bwana Tai.

Bwana Tai alikuwa wakili aliyevaa tai hata jua likichoma namna gani. Wiki hiyohiyo alikuwa amesimama mbele ya hakimu akasema kwamba msomi mwenzake, kama mawakili wanavyoitana, anaona nukta lakini haoni sentensi, na mahakama nzima ikaangua kicheko.

"Kwa yule?" Wakili Mdogo alinong'ona. "Aliyekudhihaki mbele za watu?"

"Alinidhihaki vizuri," Bi Nukta alisema, akikusanya karatasi zake. "Na ile kesi alinishinda. Ungetaka nimpeleke mama kwa mtu asiyeweza kunisumbua?"

Wakavuka barabara, binti kamshika mama mkono. Njiani swali la cherehani lilikuwa linamwasha ulimi. Angeuliza tu, nani angejua? Mama mwenyewe alikuwa anamtazama kwa jicho la mtu anayetaka kuulizwa. Wakili Mdogo akapiga moyo konde, akazungumzia vumbi na joto mpaka wakafika. Bwana Tai akasimama kumpokea mama, akamfutia kiti kwa leso yake mwenyewe, akasikiliza maelezo mafupi ya ujio wao, kisha akamgeukia binti.

"Ahsante, msomi. Mlango ni ule ule ulioingilia."

Kwa siku kadhaa hapakuwa na habari. Mabati hakuja kuchukua majalada yake, wala hakupita kusalimu. Kisha asubuhi moja akaja, amechoka uso, akajitupa kwenye kiti.

"Mama hasemi," alilalamika. "Kila nikimuuliza anataka nini, ananiambia, 'Wakili wangu amenikataza kusema.' Wakili wangu! Analitamka hilo neno kama limetiwa asali. Anamwambia mpaka muuza mkaa. Haya, niitieni huyo Tai wake, tuyamalize."

Wakakutana ofisini kwa Bi Nukta, wote watano, madirisha wazi na feni ikilalamika juu ya dari. Bwana Tai alikaa upande wa mama, akakohoa, akaanza. Mteja wake, alisema, hana kinyongo na mwanawe, na nyumba bado anataka kumpa. Lakini katika jengo jipya anataka chumba kimoja cha chini, cha kona, kinachotazama barabara, chenye mlango wake mwenyewe, akae humo na cherehani yake maisha yake yote.

"Lakini mama, chumba si kipo kwangu?" Mabati alimgeukia mama yake. "Nimekutengenezea uani, pametulia, kitanda kipya, feni, runinga. Ufanye kazi ya nini tena? Miguu yenyewe inakuuma."

Bwana Tai alifungua kinywa ajibu. Mama akamgusa mkono, naye akanyamaza.

"Mwanangu, runinga nitaitazama mpaka lini? Pale dirishani ndipo watu wanaponiona. Bibi harusi anakuja, mama mwenye sare za watoto anakuja, mwingine hana nguo ya kushona, amekuja kukaa tu, aniambie mambo yake. Nikihamia uani kwako nitakula, nitalala, nami nitakuwa nimeshazikwa, ila tu bado mnaniletea chai."

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza, baba. Ulinileta tu."

Wakili Mdogo alidhani hapo ndipo mambo yameishia, kwamba Bi Nukta, aliyeyaanzisha yote, sasa atatabasamu na kukubali kila kitu. Wapi! Bi Nukta alivaa miwani yake akaingia vitani upande wa Mabati kana kwamba nyumba ni ya kwake. Chumba cha kona hakiwezekani, alisema, kwa sababu ndipo malori yatakapopita kuingia uani. Mama apewe cha upande wa pili, nacho kinatazama barabara vilevile. Asije akakipangisha kwa mtu mwingine. Na wakati wa ujenzi asizuie kazi, maana nyumba haiwezi kubomolewa mtu akiwa ndani anapiga cherehani.

Bwana Tai naye hakulala. Wakati wa ujenzi mama apewe mahali pa kushonea, hapohapo mtaani, wateja wasimpotee. Mlango uwe mpana, bila ngazi, kwa ajili ya miguu yake. Dirisha liwe kubwa, na liandikwe kwenye hati, lisiachwe kwa huruma ya fundi. Wakarushiana maneno, msomi huku, msomi kule, kila mmoja akimbana mwenzake na kila mmoja akionekana kufurahi kubanwa. Mama alikuwa anawatazama kama anayetazama mafundi wawili wakishona vazi moja. Wakili Mdogo aliandika mpaka vidole vikamuuma, na moyoni akajisemea kwamba chuoni hawakuwahi kumfundisha jambo hili, kwamba mtu anaweza kumpelekea mpinzani silaha kwa mkono wake mwenyewe kisha akapigana naye bila kulegeza.

Wakakwama penye neno moja. Bi Nukta alitaka iandikwe kwamba mama atakaa humo kwa ridhaa ya mwanawe.

"Ridhaa inaweza kuwepo asubuhi," alisema Bwana Tai, "na jioni isiwepo. Iandikwe kwa haki."

Bi Nukta akamgeukia mteja wake. Hakupamba wala hakutisha. "Sikiliza vizuri kabla hujajibu. Likiandikwa neno haki, hutaweza kumtoa. Hata mkikosana. Hata ukioa mke asiyeelewana naye. Ukitaka kuuza jengo, mnunuzi atamkuta mama ndani na atalazimika kumwacha, na wengine watakimbia kwa sababu hiyo. Mimi ni wakili wako, nakwambia ni mzigo. Unaweza kukataa. Ukitaka kwenda kulifikiria, nenda."

Mabati alimtazama Bi Nukta, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa amekaza macho kwenye mikono yake mwenyewe, vidole vimechomwachomwa na sindano za miaka. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. Alijifuta kwa kiganja.

"Vidole hivyo ndivyo vilivyonisomesha," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Andika haki."

"Una hakika?"

"Andika, Bi Nukta. Usinibembeleze nikabadili."

Hati mpya iliandikwa na Wakili Mdogo, na safari hii ilirudi nyekundu kama pilipili, wino wa Bi Nukta upande mmoja na wa Bwana Tai upande wa pili. Hakuumia. Kila alama aliisoma, akaelewa ni mlango gani ulikuwa umeachwa wazi na nani angeweza kupenya.

Siku ya sahihi mama alikuja na Bwana Tai, Mabati akaja kivyake. Walisalimiana, mwana akamshika mama mkono, lakini uso ulikuwa bado haujakunjuka sawasawa. Neno lile alikuwa amelimeza ila lilikuwa halijashuka lote. Kalamu ikafunuliwa. Mama akakataa kuipokea.

"Kwanza nisomewe," alisema. "Huyu binti anisomee. Na asiyakimbize maneno kama siku ile."

Wakili Mdogo akaona aibu, kisha akacheka. Akavuta kiti akakaa karibu na mama, bega kwa bega, akasoma polepole, akisimama kila penye nukta. Alisoma habari ya dirisha kubwa. Alisoma habari ya mlango usio na ngazi. Akafika mahali paliposema kwamba mama ataishi na kufanya kazi katika chumba hicho muda wote wa uhai wake, kwa haki yake, wala si kwa hisani ya mtu yeyote.

Mama akafumba macho.

"Rudia hapo," alisema.

Wakili Mdogo akarudia. Bwana Tai alikuwa amegeukia dirisha, anairekebisha tai yake isiyo na kasoro. Bi Nukta alikuwa amevua miwani, anaifuta.

"Lete kalamu," mama akasema.