Maji ya Chini ya Udongo

...bado kidole kimoja, au viwili, ngoja nipime tena, kijiti kimeloa mpaka hapa na alama iko pale, basi bado, maji yakishuka mpaka kwenye alama ndipo ufungulie, ndivyo alivyosema bwana shamba siku aliyotugawia haya mabomba ya plastiki yenye matundu, chimbieni katikati ya jaruba, chungulieni ndani kila asubuhi, msitazame juu, juu panadanganya, na kweli juu panatisha, udongo umepasuka nyufa za kuingia kidole, utadhani umeua mpunga kwa mkono wako mwenyewe, kumbe huko chini maji yapo na mizizi inayafuata... mume wangu angecheka, mpunga ni kama chura, mama watoto, chura wa nchi kavu umemwona wapi, yeye alitaka jaruba lifurike muda wote, na ule mwaka mfereji ulipokauka tulikuwa tumeshayachezea maji kama watu wenye mto wao, mpunga ukaungua na mimba yake, tukavuna makapi, naye akafunga begi, nikipata kazi nitakuita, kazi gani hiyo inatafutwa misimu minne... "Shemeji, za asubuhi?" ni mdogo wake, kasimama juu ya tuta na jembe begani, nzuri, namjibu, sauti imekwaruza, jana kutwa nzima sikusema na mtu, nilifukuza ndege tu, na ndege hawakujulii hali, "...si ufungulie tu, zamu ni yako mpaka saa sita, unawaachia watu wa chini kwa nini?" wa chini ni bibi wa jaruba linalofuata, mwenye goti bovu, nisipochukua mimi yanamfika yeye, ndivyo tulivyokubaliana wanawake wa mfereji huu, leo kwangu kesho kwake, "bado hayajashuka," namwambia, naye anaguna, anahamisha jembe bega la pili, huyu ana neno, hajavuka matuta yote haya kuja kunifundisha zamu... "Kaka alinipigia juzi." Alimpigia. Kwa simu ipi, mimi niliambiwa simu iliibwa na namba zikapotea, kumbe mwizi aliiba namba yangu peke yake, za nduguze akaziacha, mwizi mwenye adabu, "...hajambo, anafanya kazi, amepanga chumba na..." na nani, anatazama kucha za miguu yake, basi nimeshajua, "...kasema msimu ujao hili jaruba nilime mimi, wewe ubaki na lile dogo, upumzike." Nipumzike, mimi niliyepanda hili kwa kamba, mche mmoja mmoja, mgongo ukakataa kunyooka siku tatu, mimi niliyeitafuta kwa miguu mbegu inayokomaa kwa miezi mitatu, nikachekwa kwamba inazaa punje za kuku, halafu ukame ukaja tena na hao hao waliocheka wakaja kuniomba mbegu, na kwenye fomu ya ugawaji wa majaruba kuna dole gumba lake na langu, wino mmoja, meza moja, nakumbuka alinifuta kidole kwa shati lake... Nataka kulia, si mbele ya huyu, nachungulia bomba, maji yako palepale, "Shemeji," namwambia, "mwambie kaka yako msimu ujao nalima mimi, hili na lile, na akiwa na neno anipigie mwenyewe," "Nimwambie hivyo hivyo?" "Hivyo hivyo, usipunguze," na bado nimechuchumaa, kijiti mkononi, naye bado yuko juu ya tuta hajui aondoke au akae, na kinachoniuma si jaruba, jaruba silitoi, kinachoniuma ni kwamba misimu minne nimemwachia mtu nafasi kitandani, upande wa ukutani, nikabanana ukingoni kama mgeni kwenye kitanda changu, haya, leo nitalala katikati.