Mpira Ulioanguka Kati Yetu Wawili

Wajukuu zangu huniuliza kwa nini timu bora kuliko zote nilizopata kuziona hapa Singida ilishindwa na timu dhaifu. Wamesikia kwamba mwamuzi alipendelea. Huo ni uongo. Nilikuwamo uwanjani, na kosa lilikuwa langu.

Ulikuwa mwaka 1953. Katika shule yetu ya misheni, mwendo mfupi kutoka Mandewa, Mwalimu Eriki, Mmarekani, alitufundisha besiboli, mchezo wa kwao. Mmoja hurusha mpira mdogo. Mpinzani huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi alikoanzia amepata bao. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametolewa. Sisi tuliokua tukifukuza ndege kwa mawe katika mashamba ya uwele hatukuhitaji kufundishwa mara mbili.

Mrushaji wetu alikuwa Chrispin, rafiki yangu. Sijaona tena mkono kama ule. Baba yake, Mzee Mughenyi, alikuwa mfugaji na hakuipenda shule. Siku moja alikuja akasema mbele yetu:

"Miaka minne unarushiana vijiwe na Mzungu. Ng'ombe wangu wanachungwa na nani?"

"Baba, nipe mwaka mmoja tu nimalize."

"Nitakuja kuutazama huo mchezo wenu. Mkishinda, nitajua kuna jambo unaloliweza, nawe utamaliza. Mkishindwa, tunarudi wote nyumbani siku hiyo hiyo."

Alipoondoka, Chrispin akacheka. "Isaka, umesikia? Shule yangu imo mikononi mwenu. Basi naweni mikono!"

Mimi nilicheza nyuma kabisa ya uwanja, bega kwa bega na Antipasi. Huyu alinitangulia jando, na nilipokuwa kambini ndiye aliyeniuguza kidonda na kuniletea chakula. Kwa malezi niliyopewa, mtu wa namna hiyo humtangulii katika neno wala katika tonge, hata ukiota mvi.

Mwalimu Eriki alikuwa na sheria moja: anayeuona mpira vizuri apaze sauti, "Wangu!", na wenzake wampishe. Kwa miaka miwili sikulitamka neno hilo hata mara moja mbele ya Antipasi. Ningewezaje kumwambia aliyenilisha kwamba kitu hiki ni changu? Kwa kuwa alikuwa na mbio, aliidaka yote, na mwalimu akadhani tumeelewana. Nami nilijivunia adabu yangu.

Wapinzani wetu walitoka Iramba. Walikuwa wamekusanywa kutoka vijiji vingi, wala hawakujua nani mkubwa wa nani. Walipofanya mazoezi walipigiana kelele kama watu wanaogombea kiti: "Wangu! Toka wewe! Huoni?"

"Hawa hawakufundwa," Antipasi aliniambia, nasi tukacheka.

Siku ya mchezo watu walijaa. Mama mmoja aliyeuza karanga alipoona magongo alipaza sauti, "Jamani, miiko ya ugali leo imekuwa silaha!" Mzee Mughenyi aliketi mbele, hakucheka.

Chrispin alirusha kama aliyepagawa. Hadi zamu ya mwisho tulikuwa mbele kwa bao moja. Wao walibakiwa na mpigaji mmoja tu wa kutolewa, na wakimbiaji wao wawili walikuwa wamesimama vituoni. Mpigaji huyo aliupiga mpira juu sana, na wakimbiaji wote wawili wakatimka. Ukidakwa, tumeshinda.

Ulikuja kwangu. Niliuona waziwazi, na ningeweza kuhesabu mishono yake. Lakini Antipasi alikuwa hatua tatu kando yangu, uso ameuinua, kimya. Nikangoja aseme neno.

"Isaka! Wako huo!" Chrispin alipiga kelele. "Isaka!"

Nikamtazama Antipasi tena. Mpira ukaanguka vumbini katikati yetu. Mabao mawili yakaingia.

Antipasi akanigeukia, machozi yakimtoka. "Jua lilinipiga machoni. Sikuona kitu. Nilikutegemea wewe."

Mzee Mughenyi hakumdhihaki mwanawe. Alinyanyuka, akachukua fimbo yake. "Twende."

Chrispin alinijia kwanza. "Uliuona?"

"Niliuona."

"Nilikuita."

"Nilikusikia."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Jibu nilikuwa nalo, nikaona aibu kulitamka. Chrispin akamfuata baba yake.

Sijaacha kudai shikamoo katika nyumba hii, wala sitaacha. Lakini jioni ile nilifahamu kwamba nilikuwa nimeificha hofu yangu ndani ya heshima. Mkubwa wangu hakutaka ninyamaze. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Chrispin alichunga misimu miwili. Kisha akapanda treni pale Itigi pamoja na vijana waliokwenda kukata mkonge Tanga. Mama yake, Theodora, hakujua kusoma. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, hivyo alinijia nimwandikie. Barua mbili za kwanza zilijibiwa. Ya tatu na ya nne hazikujibiwa. Katika ya tano alisema, "Mwandikie kwamba baba yake amefariki, na kwamba hakuna anayemkataza tena jambo lolote. Arudi asome akitaka."

Nikaandika kwa mwandiko wangu bora. Baada ya miezi mitatu barua ilirudi haijafunguliwa. Juu yake karani wa shamba alikuwa ameandika maneno mawili, nami ndiye niliyetakiwa kumsomea mama yule.

"Soma, mwanangu," alisema, akikaa vizuri kwenye kigoda.

Nikamsomea: "Amefariki dunia."